Nafasi Moja kwenye Dawati

Selina aliuzia mapanki chini ya dirisha la darasa la nne, kwa sababu kivuli cha asubuhi kilikaa hapo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Alfajiri alishuka mjini hadi geti la kiwanda kimoja cha minofu kando ya ziwa, akajaza karai lake vichwa na migongo ya sangara, akapanda nalo Buhongwa, akakaanga. Minofu ilikwenda Ulaya kwa ndege. Mifupa ilibaki Mwanza, ikaitwa mapanki, na watu wakazoea kula samaki ambaye wenzao walikuwa wameshamla. Wakati wa mapumziko wanafunzi walimzunguka, na kabla ya mapumziko alikaa kimya akisikiliza masomo yaliyotokea dirishani.

Somo la hesabu lilikwenda hivi kila siku. Mwalimu Bagenda aliandika swali ubaoni kwa mwandiko mzuri wa kulala, akalisoma kwa sauti, akaeleza polepole hadi kwenye alama ya sawasawa, halafu akaweka chaki mezani na kupangusa vidole.

"Jibu saa nane," alisema.

Watoto wakanakili swali lenye mkia wa vistari viwili, wakafungua somo lingine. Saa nane mchana darasa lilelile, lenye ubao uleule na mwalimu yuleyule, liligeuka kuwa tuisheni. Walioilipia waliingia wakapewa jibu, na njia ya kulifikia, na mifano mingine ya kuchezea. Wasiolipa walikwenda nyumbani na vistari vyao viwili. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilichokuwa cha bure kilikuwa kinatafutiwa bei, kuanzia dawa za zahanati hadi maji ya bomba, na jibu la hesabu nalo lilikuwa na haki ya kupata bei yake.

Wala Mwalimu Bagenda hakuwa mtu mbaya. Kwao kulikuwa Kamachumu, upande wa pili wa ziwa, kwenye migomba na kahawa, na kahawa ilikuwa imeanguka bei. Mshahara wake ulikuja ulipojisikia kuja. Alivaa shati la mitumba lililoandikwa kifuani jina la timu ya mpira asiyoijua, alilipiga pasi kila jioni, na hakuwahi kumchapa mtoto kwa kushindwa hesabu. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa na saa nane yake, ya darasa la saba.

Selina alikuwa na watoto wawili katika lile darasa, mapacha wa kike, Kulwa na Doto kama Wasukuma wote wanavyowaita mapacha. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Walifanana kama vikombe vya seti moja, ila Kulwa alikuwa na pengo la jino la mbele na Doto alikuwa na kovu juu ya jicho, alipoangukia jiwe. Kwa kusoma na kuandika hawakuwa na tatizo. Kwa hesabu walikuwa wazito wa kusikitisha. Wakiulizwa thelathini na sita gawanya kwa nne, Kulwa aliangalia dari na Doto alimwangalia Kulwa.

Walikuwa wameshakariri darasa la nne mara moja. Mwezi wa pili mwalimu mkuu alitangaza kwenye paredi kwamba watoto ni wengi na madarasa ni yaleyale, kwa hiyo atakayekariri na kushindwa tena ataondolewa shule. Selina alisikia tangazo hilo akiwa anageuza samaki. Yeye aliachia darasa la tatu, akapewa karai, na karai lile hajalitua mpaka leo. Aliwatazama binti zake waliosimama mstarini, akaona makarai mawili.

Jioni alimweleza mama mkwe wake, Bibi Nyanzala, aliyekaa naye tangu mumewe Luhaga apunguzwe kwenye kiwanda cha nguo na kupotelea machimbo ya dhahabu huko Geita. Alisema akibana sana matumizi anaweza kulipia tuisheni ya mtoto mmoja.

"Yupi?" aliuliza bibi.

Mapacha hawachaguliwi. Tangu walipozaliwa na kuchezewa ngoma yao, kilichofanywa kwa mmoja kilifanywa kwa mwingine. Kulwa akinunuliwa kandambili, Doto alinunuliwa kandambili. Doto alipovunjika mkono, mkono mzima wa Kulwa ulifungwa kitambaa mpaka wa mwenzake ulipopona. Hata makofi yaligawiwa sawa. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, alisema bibi, unamwonyesha mlango.

Kwa hiyo Jumatatu Selina aliifuta mikono yake, akamfuata Mwalimu Bagenda kwenye ngazi za ofisi, akamwomba awapokee wote wawili kwa ada ya mmoja, na kila Ijumaa atampa na samaki.

"Mama Kulwa, ningependa," alisema mwalimu, na ilionekana kweli angependa. "Lakini nikikubali kwako, kesho kila mtu atakuja na ndugu zake. Nafasi uliyolipia ni moja." Alifikiri kidogo. "Ila kama wataenea kwenye hiyo nafasi moja, mimi sina ugomvi nao. Mimi nahesabu nafasi, sihesabu watoto."

"Wataenea, mwalimu. Ni wembamba."

"Basi waje."

Nafasi yao ilikuwa mwisho wa dawati la tatu, upande wa ukutani. Kabla ya tuisheni dawati lilikaliwa na watoto watatu, na saa nane lilikaliwa na wanne, kwa hiyo nafasi haikuzidi upana wa karai. Wiki ya kwanza mapacha walirudi nyumbani na alama nyekundu mapajani, wakilaumiana. Wiki iliyofuata Kulwa alikalia paja la kushoto na Doto la kulia. Kisha malalamiko yakaisha. Selina alidhani wamezoea, na hakukosea.

Siku moja alibakiwa na vichwa viwili vya samaki, akavipitisha dirishani saa nane ikiendelea ili wanawe wale kimyakimya. Mkono uliokuja kupokea ulikuwa mmoja. Aliinama akaangalia ndani. Mwisho wa dawati la tatu alikaa mtoto mmoja, ameenea vizuri, viwiko vyake havimgusi jirani. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na juu ya jicho alikuwa na kovu. Mtoto yule alitabasamu na kuchukua vichwa vyote viwili.

"Arobaini na mbili gawanya kwa sita," alisema Mwalimu Bagenda.

Mtoto akanyoosha mkono. "Saba," alijibu, na baada ya kitambo kidogo, mdomo uleule ukasema kwa sauti ya chini zaidi, "Saba."

"Mara moja inatosha," alisema mwalimu, akaandika saba ubaoni.

Kengele ilipolia Selina alisimama mlangoni. Alitoka Kulwa, na nyuma yake akatoka Doto, kwa mpangilio uleule waliozaliwa nao. Selina akawashika vichwa akawatazama, akawaona wazima. Walikwenda nyumbani wakiimba jedwali la sita.

Tangu siku ile walichelewa kuachana. Mwanzo ilikuwa pale mlangoni. Baadaye ilikuwa kwenye njia ya mawe karibu na nyumbani, mmoja akibaki nyuma ya jiwe na kutokea upande wa pili akikimbia. Baadaye tena ilikuwa wakati wa kula. Bibi Nyanzala aliweka sahani mbili, na mtoto aliyekuwepo akala kidogo huku na kidogo kule.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza bibi.

"Tupo, bibi."

"Basi mle vizuri," alisema bibi, akaongeza mboga kwenye sahani zote mbili.

Mwezi wa tano ulipofika walikuwa hawaachani kabisa siku za shule. Selina alimwogesha mtoto mmoja, na alipomsugua ubavu wa kushoto kicheko kilitoka kulia. Asubuhi mtoto mmoja alishika njia ya shule, na vumbi jekundu likabaki na nyayo za miguu minne, mbili kubwa kidogo na mbili ndogo, zikienda sambamba. Sare ya pili ilikaa kwenye msumari wiki nzima bila kuvaliwa. Jumamosi Selina aliifua pamoja na mwenzake, kwa sababu kila Jumamosi aliikuta kola yake imechafuka.

Majirani waliliona jambo hilo na kulipokea. Walipokutana naye waliuliza, "Binti zako hajambo?" naye akasema hawajambo. Mama mmoja wa duka alisema ni nafuu hasa kwa upande wa viatu.

Kwa hesabu mtoto alikuwa anachanua. Aligawanya kwa tarakimu moja, akagawanya kwa tarakimu mbili, na Mwalimu Bagenda alimtuma ubaoni kuwaonyesha wenzake. Selina alisimama chini ya dirisha akisikia chaki ikigonga, na moyo wake ulijaa fahari mpaka akasahau kugeuza samaki. Hakuwa na neno la kumlaumu mtu. Alilipa, na alichokilipia alikuwa anakipata.

Mwezi wa sita shule zilifungwa. Mwalimu Bagenda alipanda meli kwenda kwao, na saa nane ikawa saa nane tu. Siku za mwanzo za likizo hakikubadilika kitu. Kisha asubuhi moja Selina aliamshwa na ugomvi wa kugombea mkeka, na alipoingia chumbani aliwakuta Kulwa na Doto wamekaa, nywele timutimu, kila mmoja amevuta upande wake. Aliwakumbatia wote wawili akalia kwa furaha, wakamwuliza ana nini. Alikaanga samaki mzima siku ile, mwenye nyama, aliyekusudiwa kuuzwa.

Walipomaliza kula aliwauliza kumi na mbili gawanya kwa tatu. Kulwa aliangalia dari. Doto alimwangalia Kulwa.

Aliwauliza tena kesho yake, na siku zilizofuata, akiwapangia mawe uani, na kila mara dari likaangaliwa hata walipokuwa nje. Jedwali la sita lilikuwa limeondoka lote, kama halikuwahi kuimbwa. Selina akaelewa kwamba ana mambo mawili ya kuchagua na kwamba hayawezi kukaa pamoja, na akakosa usingizi.

"Waache nyumbani, ng'wanawane," alisema Bibi Nyanzala walipokuwa wakichambua mchele. "Wajinga wawili ni watoto wawili."

"Na wakiondolewa shule, mama?"

"Mimi nilisoma wapi? Si nipo?"

"Upo, mama," alisema Selina.

Alisema kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye utosi wa mama mkwe, pale nywele zilipokataa kuota kwa sababu ya mizigo ya miaka yote, na bibi aliona anapoangalia. Shule ilipofunguliwa Selina aliwapeleka mwenyewe, amemshika Kulwa kwa mkono wa kulia na Doto kwa mkono wa kushoto, na kwenye mlango wa darasa aliwaachia wote wawili kwa wakati mmoja, asije akaonekana amechagua. Akalipa nafasi moja. Saa kumi alimpokea mtoto mmoja.

Bibi Nyanzala alikwenda kwa wazee waliojua mambo ya mapacha, kuuliza kifanyike nini. Wazee walisikiliza vizuri. Mila ilikuwa na la kufanya mapacha wakizaliwa, na ilikuwa na la kufanya mmoja wao akifa. Wakipungua bila kufa, haikuwa na neno. Walimpa bibi togwa akanywa, akarudi.

Shida ilitokea kwenye daftari la mahudhurio la asubuhi, ambalo ni la serikali na linahesabu watoto, siyo nafasi. Mwalimu Bagenda aliita, "Kulwa Luhaga," mtoto akaitika, "Nipo." Akaita, "Doto Luhaga," mtoto yuleyule akaitika, "Nipo." Mwalimu alimtazama kwa huruma. Alimwekea Kulwa alama ya kuwepo na Doto alama ya utoro, kwa sababu Kulwa ndiye aliyetangulia kuitwa.

Utoro wa Doto ulipozidi, mtendaji wa kata, bwana mmoja aitwaye Mayala, alimwita Selina ofisini aje na mtoto.

"Mama, Doto yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Mtendaji alimgeukia mtoto. "Wewe ndiye Doto?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Na Kulwa ni nani?"

"Mimi."

Mtendaji Mayala alikuna shingo. Alieleza bila ukali kwamba haiwezekani mtoto mmoja kuandikishwa shule mara mbili wakati kuna wenzake wanaosoma chini ya mti, na kwamba sheria ya utoro inamtambua mzazi. Selina alipewa adhabu ya kuchimba shimo la choo cha shule. Alilichimba kila alasiri baada ya biashara, karibu na ukuta wa darasa la nne, na akiwa ndani ya shimo alisikia mtoto wake akiwasahihisha wenzake mabaki.

Mtihani ulifanyika mwezi wa kumi na moja. Mtoto alipewa karatasi moja, akaandika juu yake jina aliloambiwa aandike. Majibu yalipotoka Kulwa Luhaga alikuwa wa kwanza kati ya wazito wote, na mwalimu mkuu alimtaja kwenye paredi akapigiwa makofi. Doto Luhaga, ambaye hakufanya mtihani, aliondolewa shule. Majina yote mawili yalisomwa asubuhi ileile, na mtoto aliyesimama mstarini alifurahi na kuona haya kwa zamu.

Likizo ya Desemba ilianza. Mwalimu Bagenda alipanda meli yake. Selina alifua sare zote mbili akaziweka, akatandika mikeka miwili, akangoja ugomvi. Mvua zilinyesha, Krismasi ikapita, na kila asubuhi alipoingia chumbani alimkuta mtoto mmoja amelala katikati ya mikeka. Pumzi tu ndizo zilizokuwa mbili, moja ikifuata nyingine bila kukutana. Kadiri siku zilivyokwenda zilisogeleana, na kabla ya mwaka mpya Selina alisikiliza sana akasikia moja.

Alimkalisha mtoto uani.

"Kulwa," aliita.

"Abee, mama."

"Doto."

"Abee, mama."

"Kumi na mbili gawanya kwa tatu."

"Nne," alisema mtoto mara moja, bila kuangalia dari. "Hakibaki kitu."

Selina alimsifu. Alikuwa na haki ya kufurahi na alifurahi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na maumivu ambayo hakuyajulia pa kuyashika. Alitaka kulia. Lakini mtu humlilia aliyeondoka, na yeye kila alipomtazama yule mtoto, aliona pengo akamkuta Kulwa, aliona kovu akamkuta Doto. Alitaka kumlilia mmoja na hakujua amlilie yupi. Bibi Nyanzala aliendelea kuweka sahani mbili. Mtoto aliendelea kula kidogo huku na kidogo kule, ila sahani ya pili sasa ilirudi na chakula.

Shule ilifunguliwa Januari. Darasa la tano walianza sehemu. Mwalimu Bagenda, katika shati lake lililopigwa pasi, alichora duara ubaoni, akalikata vipande, akaandika nusu jumlisha robo, akaweka alama ya sawasawa na kupangusa vidole. Selina alihamishia karai lake kwenye dirisha la darasa la tano na kulipia nafasi moja.

Siku hizo alimjia mwanamke mmoja aliyetoka Mkolani na kupanga Buhongwa, jina lake Wilhelmina, mjane. Alikuja na wanawe wawili wa darasa la nne, ambao hawakuwa mapacha. Walipishana umri kidogo, mkubwa mnene na mdogo mwembamba, na wote walikuwa wazito wa hesabu. Alisalimia, akanunua mgongo wa samaki ambao ilionekana hakuwa na njaa nao, akasimama.

"Mwalimu amenielekeza kwako, dada," alisema mwishowe. "Nafasi ninayoweza ni moja. Amesema wewe unajua."

Selina alitaka kumwambia awashike wanawe mikono awarudishe nyumbani, na aende nao mbio. Neno lilifika mdomoni kabisa. Kisha aliwatazama wale wavulana, akawaona na makarai yao vichwani, na akamwona mama yao anavyomtazama yeye, kama mtu aliyefika dirisha la mwisho la ofisi. Jikoni mafuta yalikuwa yanaungua. Akayaepua.

Aliwaita wavulana karibu, akawageuza ubavu, akawapima mabega kwa shubiri yake, kwanza mkubwa, halafu mdogo.

"Wataenea," alisema. "Mwanzo watagombana, usiwaingilie. Huyu mwembamba akae upande wa ukutani."

"Na chakula?"

"Weka sahani mbili," alisema Selina, akageuza samaki.